Donc Inatoka Wapi?

Mmeniomba niwaeleze namna ya kumfundisha mhadhiri wa chuo kikuu jinsi ya kufundisha. Jibu langu ni fupi: usimfundishe. Mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka ishirini hafundishiki na mama aliyekuja na chati ukutani na kalamu za rangi. Mimi nilijaribu, na nitawasimulia nilivyoaibika. Nyinyi mnaoianza kazi hii leo mna kompyuta na vyeti vyenye mihuri, lakini aibu ya kazi ni ileile, haijabadilika hata kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini chuo chetu pale Gisenyi, Rwanda, kilikuwa kidogo. Tulikuwa na vyumba vinane upande wa Nengo, katika jengo lililokuwa ghala la kahawa, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna aliyesikika. Wanafunzi walitoka kila upande. Kuna waliorudi kutoka Kongo na Kifaransa chao, waliorudi kutoka Uganda na Kiingereza chao, na wale ambao hawakuwahi kuondoka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Tabora, nilikozaliwa na kusomesha Kiswahili sekondari, na niliringia Kiswahili changu kama mtu anavyoringia viatu vipya. Nilipoajiriwa, barua ilisema kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri wawafundishe wanafunzi kufikiri kwa njia ya kuandika. Leo mnaita fikra tunduizi. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa na ile barua tu.

Semina yangu ya kwanza walikuja wahadhiri kumi na mmoja. Nilizungumza saa nzima juu ya hoja, ushahidi na hitimisho. Nilipomaliza niliuliza kama kuna swali. Mkono mmoja ukainuka, wa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu na daftari la manjano kwapani.

"Mama Neema," akasema, "chai inakuja saa ngapi?"

Ndivyo nilivyomjua Profesa Gratien. Alifundisha kilimo. Alikuwa amerudi kutoka Goma, ambako alisomesha miaka mingi, na lile daftari la manjano alivuka nalo mpaka likiwa limefungwa ndani ya shuka. Kila somo alilifungua, akasoma polepole, na wanafunzi sitini wakaandika neno kwa neno. Siku ya mtihani walimrudishia maneno yake yaleyale, naye akayapokea kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni, akiridhika kwamba wote wamerudi.

Sikilizeni niliyojifunza baada ya ile semina, maana ndiyo kazi yenyewe. Usimwite mhadhiri kwako, nenda kwake. Kaa benchi la nyuma, si la mbele. Usiliguse daftari lake. Na ukitaka kumwomba kitu, mwombe dakika tano tu, kwa sababu hakuna mtu mwenye heshima zake anayeweza kukunyima dakika tano.

Nilikaa benchi la nyuma la Prof Gratien wiki tatu. Wiki ya nne nikamwomba dakika tano za mwisho za kipindi: wanafunzi wafunge madaftari, kila mmoja aandike kwenye karatasi jambo moja ambalo hakulielewa, au halikubali, na aseme kwa nini. Akanitazama juu ya miwani.

"Halikubali? Mwanafunzi asikubali nini? Mi ndiye niko na cahier," akasema, akiligonga daftari la manjano.

"Prof, ni dakika tano tu."

"Bon. Tano. Si sita."

Karatasi za siku ile karibu zote zilikuwa tupu. Ukweli ni kwamba hawakuwa wajinga. Waliogopa, na Kifaransa cha darasani kiliwabana koo. Basi nikafanya jambo ambalo wenzangu walilicheka: nikawaambia rasimu waandike kwa lugha wanayoitumia kugombana sokoni. Gisenyi ni mji wa mpakani, na sokoni watu wa kila lugha wanagombana kwa Kiswahili cha huko huko, chenye mutu na muzuri, na Kifaransa kimenyunyiziwa juu. Nakala safi wangeandika kwa Kifaransa baadaye. Ghafla karatasi zikajaa. Watu waliokaa kimya mwaka mzima wakawa na ubishi usio na mwisho.

Prof Gratien alizisoma zote. Wiki iliyofuata alinipa dakika kumi.

Sasa tuje kwenye kosa langu. Kuna neno la Kifaransa, donc, maana yake "kwa hiyo". Kwa watu wa Goma na Gisenyi neno hilo ni kama "yaani" kwa watu wa Tabora: linaingia popote mtu anapovuta pumzi. Rasimu zilijaa donc. Mmoja aliandika, nakumbuka mpaka leo: "Bon, donc, Rwanda iko na milima, donc, viazi." Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikakasirika. Nikaona huu ndio ugonjwa wenyewe, watu wanasema "kwa hiyo" bila kuwa na kitu nyuma yake. Nikanunua kalamu nyekundu. Kila donc niliyoiona nikaizungushia duara, na mlangoni nikabandika tangazo kwa mwandiko mkubwa: donc ni marufuku.

Nilijiona hodari sana. Ndani ya mwezi mmoja donc zikaisha kabisa chuoni, na mkuu wa masomo akanipongeza mbele ya watu.

Mwisho wa muhula Prof Gratien alitoa kazi ya kuandika badala ya mtihani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Swali lilihusu mbegu za viazi mviringo, yaani zao la watu wa Mudende kule juu kwenye udongo mweusi wa volkano. Daftari la manjano lilisema hivi: wakati wa kuvuna, mkulima achague kwenye rundo viazi vidogo vyenye ukubwa wa yai, aviweke viwe mbegu. Prof aliliandika hilo akiwa mwanafunzi, kutoka mdomoni mwa mwalimu wake, na alikuwa akilisoma tangu hapo.

Rasimu zilipita kwangu, nikazungusha maduara, wakaandika nakala safi, wakampelekea.

Siku nne kabla ya kikao cha matokeo msichana mmoja alibisha mlango wangu. Aliitwa Vestine. Nilimjua kwa sura tu, msichana wa Mudende, mkimya, sweta la kijani sikuzote. Familia yao ilirudi kutoka Masisi, kule Kongo, ikaanza kulima Mudende. Alikuwa anarudia kozi ile ya kilimo, na sheria ya chuo ilisema anayeanguka mara mbili anarudishwa nyumbani moja kwa moja. Mkononi alikuwa na nakala yake safi. Juu yake Prof ameandika: "Hii ni habari ya nyumbani, si agronomie, si elimu ya kilimo. Sifuri."

Nikaisoma. Alikuwa ameandika kwamba mama yake hachagui viazi vidogo kwenye rundo, bali hufunga vitambaa kwenye mimea yenye nguvu ingali mibichi, na mbegu anatoa hapo tu. Basi, imekwisha. Hakuna sababu, hakuna chochote. Nikamwambia kwa upole, na kwa ujuaji, "Vestine, hapa hukusema kwa nini."

"Nilisema, Mama. Nilitoa vile ulizungusha."

Akafungua begi akanipa rasimu. Duara langu jekundu lilikuwa pale, nono, limezunguka neno moja. Aliona mwalimu amezungusha, akafikiri sentensi nzima ni kosa, akaifuta pamoja na ile iliyotangulia. Zilikuwa zinasema hivi:

"Mumea ya mugonjwa inazala viazi vidogo. Donc, mutu anachagua vidogo ku rundo, anachagua ugonjwa."

Vijana, mimi nimesoma maandishi ya wanafunzi miaka mingi. Sentensi mbili kama hizo hazinifikii kila mwaka. Msichana yule alikuwa amelipinga daftari la profesa wake, kwa heshima, kwa sababu, na kwa donc moja iliyokaa mahali pake kama msumari. Nami ndiye niliyeing'oa.

"Ulikasirika?" nikamuuliza.

"Hapana. Mi nilifikiri nimekosea Kifaransa."

Nilikwenda kwa Prof Gratien saa ileile, kabla woga haujanishika. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma dirishani. Nikamweleza yote: tangazo, duara, kufuta. Nikaweka rasimu mezani. Niliona kabisa kwamba ninamwomba mambo mawili magumu kwa pamoja, anisamehe mimi, na kisha akubali kwamba huenda daftari lake lina kosa. Mtu anaweza kulimeza moja, si yote mawili.

Alizisoma zile sentensi. Akafuta mikono kwa leso, akazisoma tena. Akafungua daftari la manjano, akatafuta ukurasa, akaweka kidole juu ya mstari wake, na kidole kingine juu ya mstari wa Vestine.

"Hii yangu," akasema, "inatoka wapi?"

Nilidhani ananiuliza mimi. Nikasema sijui.

"Hata mi sijui. Mwalimu wangu alisema, nikaandika. Na yeye aliambiwa na nani?" Akafunga daftari. "Mudende kuna lori za viazi kila asubuhi. Kesho tunaenda."

Barabara ile mwaka mmoja nyuma ilikuwa haipitiki, mnajua kwa nini au waulizeni wazee wenu. Tulibanana mbele na dereva, mimi, Prof na Vestine. Prof alivaa viatu vyake vya darasani, vyeusi, vinang'aa. Mama yake Vestine tulimkuta shambani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru, na baada ya kusalimiana na kuulizana habari za watu wote waliobaki Masisi, alituongoza kwenye matuta. Kweli, hapa na pale mmea ulikuwa umefungwa kitambaa cha kitenge kilichochakaa.

"Mama," Prof akauliza, "nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna mutu. Mwaka moja nilivuna vidogo tupu, shamba yote. Nikaona si ya kawaida."

"Ukafanya nini?"

"Nikajiuliza. Ukiona mutoto mwembamba, unauliza kwanza mama yake iko muzima, sindiyo? Kiazi nayo ni mutoto wa mutu."

Prof aliomba jembe. Mama akakataa, mgeni halimi. Akaomba tena kwa namna ambayo ilibidi apewe. Akachimba mmea uliofungwa kitambaa, ukatoa vikubwa na vidogo pamoja. Akachimba wa jirani yake uliolegea majani, ukatoa vidogo vitupu. Mimea yote miwili ilikuwa na vile vya ukubwa wa yai, vinavyofanana hata usingevitenganisha kwenye rundo. Akaomba kisu akavipasua. Cha mmea wa kitambaa kilikuwa cheupe ndani, safi. Cha mmea uliolegea kilikuwa na pete ya kahawia, na ukikibonyeza kinatoa maji mazito.

Alivishika, kimoja kila mkono. Vestine alikuwa amesimama pembeni akitazama chini. Nilitamani Prof aseme neno la kumtuliza, lakini yeye alimuuliza swali, na sasa ndiyo naelewa kwamba swali lilikuwa heshima kubwa zaidi.

"Vestine, kwa nje vinafanana. Donc?"

Msichana akainua macho. "Donc, haifai kuchagua kiazi, Prof. Inafaa kuchagua mumea."

"Andika hiyo," akasema.

Tulirudi kwenye lori, tukashuka hadi tukaanza kuliona ziwa la Gisenyi. Ndipo Prof akasema, akitazama mbele, "Mama Neema, hii nchi yetu imeona watu wakipokea neno la mukubwa na kulibeba hivyo hivyo, bila kuuliza linatoka wapi. Na mi, miaka ishirini na mbili, nafundisha batoto kubeba." Dereva akawasha redio.

Kikao cha matokeo kilikuwa Ijumaa. Mkuu wa masomo alikuwa mtu wa taratibu, si mbaya, ila alizipenda taratibu kuliko alivyotupenda sisi. Lilipofika jina la Vestine akasema, "Amerudia, ameanguka. Anarudishwa." Prof Gratien akasimama. Koti la kijivu, na viatu vilevile vyenye udongo mweusi wa Mudende umekaukia pembeni. Mtu nadhifu kama yule, siku tatu hajavipiga brashi, nadhani kwa makusudi.

"Nabadilisha sifuri yangu," akasema. "Ni kumi na saba juu ya ishirini."

"Profesa, matokeo yanabadilishwa tu kama kuna kosa la kujumlisha. Na jibu lake halilingani na jibu la mwongozo wa kusahihishia."

"Mwongozo uliandikwa na nani?"

"Na wewe, Profesa."

"Donc naweza kuukosoa."

Wenzake wengine walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Mkuu wa masomo akasema fomu haina nafasi ya jambo kama hilo, kuna kosa la kujumlisha na kosa la kunakili, basi. Prof akasema aongeze mstari kwa kalamu. Mkuu akauliza aandike nini. Nje mtu akapita na toroli.

"Andika: kosa la mwalimu."

"Profesa, hii inabaki kwenye faili lako."

"Ndiyo. Ibaki."

Nikasimama na mimi, nikasema kwamba makosa ni mawili, na la kwanza ni la kalamu yangu nyekundu. Mkuu akatutazama kama watu waliokunywa kitu. Lakini aliandika. Vestine akabaki chuoni.

Jumatatu Prof aliingia darasani bila kufungua daftari. Akaandika ubaoni sentensi yake ya miaka ishirini na mbili, akaandika chini yake ya Vestine, akaeleza ni ya nani na imetoka shamba la nani. Kisha akawapa kazi: kila mtu atafute donc zote kwenye insha yake, na kutoka kila donc achore mshale kurudi nyuma hadi kwenye sentensi inakotoka. Mshale ukipata pa kutua, donc inabaki. Ukikosa, donc inafutwa. "Donc inatoka wapi?" ikawa msemo wa chuo kizima, hata wapishi wakawa wanaulizana. Nimezunguka vyuo vingi tangu hapo nikiufundisha ule mshale, na watu wamenisifu kwa ajili yake. Si wangu. Ni wa mzee aliyeniuliza chai inakuja saa ngapi, na sijapata kumwona mwalimu mkubwa kuliko yeye.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo nililokusudia kuwaambia tangu mwanzo.

Siku ileile ya kikao, watu walipotawanyika, Prof aliniita ofisini kwake. Alikuwa na rasimu ya Vestine mezani, ile yenye duara langu. Akanisogezea karatasi tupu na penseli, akavua saa ya mkononi, akailaza mezani.

"Duara hii," akasema. "Inatoka wapi? Uko na dakika tano."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Basi nikaketi, mimi mwalimu wa kuandika, niliyewapa watu zoezi lile mara mia bila kulifanya mwenyewe hata mara moja. Kila sababu niliyoiwaza ilikuwa ya kujitetea, na nilijua ataniuliza nayo inatoka wapi. Mwishowe niliandika mstari mmoja: "Nililizungushia kwa sababu nililiona neno, sikuisoma sentensi."

Akaisoma, akairudisha mbele yangu. Alinyoosha kidole kwenye nafasi iliyobaki chini.

"Donc?"

Saa yake ilikuwa bado inahesabu. Nikashika penseli nikaandika mstari wa pili, nikauanza na donc.